Kujumlisha Sehemu Zenye Asili Tofauti: Jibu Likikosewa, Anzia Wapi?

Mtoto akikosa swali la kujumlisha sehemu, wengi wetu humfundisha upya kuanzia mwanzo: tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), gawanya, zidisha, jumlisha, rahisisha. Mtoto anaitikia, anafanya vizuri swali lililo mbele yake, halafu kesho yake jioni anakosa vilevile. Hesabu hii ina hatua nne au tano, na aliyekosa kwa kawaida amekosea hatua moja tu. Zilizobaki anazijua, na kuzirudia zote kunamchosha bila kuigusa ile inayomwangusha. Kazi ya mzazi au mwalimu wa tuisheni ni kuipata hiyo moja, na jibu lililokosewa lenyewe ndilo linaloonyesha ilipo.

Maelezo haya ni kwa anayemsaidia mtoto wa darasa la nne hadi la saba. Maneno ni yale ya darasani: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Sehemu mchanganyiko tumeiandika hivi, 1 na 5/24, ili isisomeke kama 15/24.

Swali moja la kupimia

Mpe mtoto swali hili, bila msaada: 5/6 + 3/8.

Aandike kwa kalamu ya wino, aonyeshe njia yote, na ufutio ukae mbali. Kilichofutwa ndicho unachokitafuta.

Watu wengi hupima kwa 1/2 + 1/3 kwa sababu ni rahisi, lakini swali hilo linaficha makosa. Mtoto anayebadilishana vizidisho (namba za kuzidishia juu na chini), yaani anazidisha 1/2 kwa kile cha 1/3, atapata 2/6 + 3/6, na jibu litatoka 5/6 ileile. Umempa vyema, kumbe hajui. Swali zuri la kupimia linakuwa na namba za juu zisizo 1, asili zenye kigawo cha pamoja lakini hakuna inayoigawanya nyenzake, na jumla inayozidi 1. Swali letu lina yote hayo.

Njia sahihi: KDS ya 6 na 8 ni 24. Gawanya 24 kwa 6 upate 4, zidisha 4 kwa 5 upate 20. Gawanya 24 kwa 8 upate 3, zidisha 3 kwa 3 upate 9. Sasa ni 20/24 + 9/24 = 29/24, yaani 1 na 5/24. Kwa uhakiki, siku ina saa 24. Sehemu 5/6 za siku ni saa 20, 3/8 za siku ni saa 9, jumla saa 29, ambazo ni siku moja na saa 5. Ukiweza kumfanya mtoto aione hesabu hii kwa saa, nusu ya kazi imeisha.

Tazama sasa alichoandika:

8/14 au 4/7: amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini.
8/24 au 1/3: amebadili asili, namba za juu amezinakili.
42/24 au 1 na 3/4: amejumlisha mahali pa kuzidisha.
27/24, 54/48 au 1 na 1/8: vizidisho vimekwenda pasipo pao.
29/48: amefika vizuri hadi mwisho, kisha akajumlisha asili.
27/2 au 13 na 1/2: amechanganya KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS.
15/48 au 5/16: amezidisha sehemu mbili badala ya kujumlisha.
58/48 au 29/24: hajakosea, hajamaliza.

Ameandika 8/14

Hili ndilo kosa linaloongoza, na ndilo linalorudi hata baada ya kusahihishwa mara nyingi. Linarudi kwa sababu lina vyanzo vitatu tofauti, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Chanzo cha kwanza: mtoto anaona namba nne, haoni sehemu mbili. Kwake 5/6 ni tano na sita zilizotenganishwa na mstari. Huyu mwulize, bila karatasi, 5/6 na 1/2 ipi kubwa. Akisita, acha kabisa habari ya kujumlisha na urudi kwenye kulinganisha sehemu kwanza. KDS haitamsaidia mtu asiyejua 5/6 ni kiasi gani.

Chanzo cha pili hakitajwi sana, lakini kipo kwenye madaftari ya watoto wenyewe. Jaribio la wiki hii kapata 7/10, la wiki iliyopita 12/20, na mtu kamjumlishia: 19/30. Juu kwa juu, chini kwa chini, na kwa alama ni sahihi kabisa. Mtoto ameona mtu mzima akifanya hivyo kwa wino mwekundu, kwa nini yeye akatazwe? Mweleze tofauti waziwazi. Kwenye alama, majaribio mawili yana maswali 30 kwa pamoja, kwa hiyo kinachogawanywa kimeongezeka. Kwenye sehemu, kizima ni kilekile kimoja. Zile 7/10 na 12/20 zikijumlishwa kama sehemu ni 14/20 + 12/20 = 26/20, yaani 1 na 3/10. Hakuna mwanafunzi anayepata zaidi ya alama zote, kwa hiyo mtoto mwenyewe ataona kwamba hesabu hizi mbili haziulizi kitu kimoja.

Chanzo cha tatu ni somo la kuzidisha sehemu. Huko 5/6 × 3/8 ni 15/48: juu kwa juu, chini kwa chini, bila KDS. Mtoto aliyekuwa anajumlisha vizuri mwezi uliopita akaanza ghafla kuandika 8/14, angalia darasani wako wapi. Karibu kila mara wameshaanza kuzidisha. Huyu hahitaji maelezo marefu. Mpe maswali mchanganyiko, la kujumlisha na la kuzidisha kwa zamu, na kabla ya kuanza kila swali azungushie duara alama ya + au ×. Aliyeandika 15/48 kwenye swali letu ni mgonjwa wa ugonjwa huuhuu, ila upande wa pili.

Kwa vyanzo vyote vitatu kuna swali moja la kumzindua: 1/2 + 1/2. Kwa njia yake ni 2/4, yaani nusu. Umemtuma dukani sukari nusu kilo, akarudishwa akaongeze nusu kilo nyingine, je, amerudi na nusu kilo? Atacheka. Baada ya hapo mwache mwenyewe apime 4/7 na 5/6. Jumla imekuwa ndogo kuliko kimoja kati ya vilivyojumlishwa.

Kisha mwonyeshe kwa mkono. Chukua boksi tupu, ukate vipande vitatu vya urefu wa sentimeta 24, upana wowote, sentimeta 3 zinatosha. Cha kwanza usikichore chochote, hicho ndicho kizima. Cha pili weka alama kila sentimeta 4, utapata sehemu sita. Cha tatu kila sentimeta 3, utapata nane. Apake rangi sehemu tano za kile cha sita: sentimeta 20. Apake rangi sehemu tatu za kile cha nane: sentimeta 9. Avikate vilivyopakwa rangi, avipange vikifuatana kwenye rula ya sentimeta 30. Vinaishia 29. Akiweka kile kizima pembeni, vimekizidi kwa sentimeta 5, na kila sentimeta ni 1/24. Hapo ndipo 24 inapoacha kuwa namba ya mwalimu. Mwambie ajaribu na kipande cha sentimeta 20: atakwama kwenye sita, kwa sababu 20 kwa 6 haitoki sawasawa. KDS ni urefu mfupi kabisa unaokubali kukatwa kwa sita na kwa nane bila kubakiza.

Vitabu na walimu hupenda duara, na nyumbani tunakimbilia chapati. Kwa nusu na robo ni sawa. Ukifika theluthi na sehemu ya tano, hata mkono wa mzoefu haukati sawa, na mtoto anabaki anatazama umbo la kipande badala ya ukubwa wake. Boksi na rula ni bora zaidi.

Ameandika 8/24

Huyu anajua kwamba asili lazima zifanane, na KDS anaipata. Alichokariri ni "tafuta KDS uandike chini" kana kwamba hiyo ndiyo hesabu nzima. Mara nyingi anaandika mstari mmoja mrefu, chini 24, juu ananakili 5 + 3.

Huo mstari mrefu ndio unaomponza. Wenye uzoefu wanautumia kwa kuokoa nafasi, lakini unaficha hatua ya kubadili kila sehemu. Mkataze kwa muda. Kila sehemu aibadili peke yake, kwenye mstari wake:

5/6 = 20/24
3/8 = 9/24

ndipo aruhusiwe kuandika jumla. Akiuliza kwa nini, mrudishe kwenye siku: 5/6 za siku ni saa 20, na yeye ameandika 5/24, yaani saa 5. Saa 15 zimekwenda wapi? Swali hilo moja linatosha kuliko kumweleza mara kumi kwamba "lazima ubadili na juu".

Ameandika 42/24

Hili linatisha ukiliona mara ya kwanza, kwa sababu 42 haionekani imetoka wapi. Fuata: kutoka 6 kwenda 24 ameongeza 18, basi na 5 ameiongezea 18, ikawa 23. Kutoka 8 kwenda 24 ameongeza 16, na 3 ikawa 19. Jumla 42. Mtoto amefanya alichoambiwa. Aliambiwa "ulichofanya chini, fanya na juu", na hakuna aliyemwambia kwamba kinachofanywa ni kuzidisha. Kosa hapa ni la maelekezo, si la mtoto.

Mpe 1/2, aongeze 2 juu na 2 chini. Inakuwa 3/4. Je, nusu ni sawa na robo tatu? Kisha azidishe kwa 2 juu na chini: 2/4, ambayo ni nusu ileile iliyokatwa vipande vidogo zaidi. Kuanzia hapo aandike kizidisho waziwazi kila mara, × 4 juu na × 4 chini ya mstari, mpaka mkono uzoee. Kuzidisha kwa 4/4 ni kuzidisha kwa 1, ndiyo maana thamani haibadiliki. Kuongeza 18 juu na chini hakuna maana yoyote ya namna hiyo.

Ameandika 1 na 1/8

Hapa jibu peke yake halitoshi, inabidi uone njia, kwa sababu makosa mawili tofauti yanaishia mahali pamoja.

La kwanza: amepata 24, akagawanya akapata 4 na 3, lakini akavibadilishana. Tano mara 3 ni 15, tatu mara 4 ni 12, jumla 27/24. Hili ni kosa la mpangilio wa daftari. Kizidisho kikiandikwa pembeni, mbali na sehemu yake, kinapotea njia. Aandike kila kizidisho karibu kabisa na sehemu yake, kabla hajagusa sehemu ya pili.

La pili: ametumia asili ya 48 kwa kuzidisha 6 na 8, kisha kila namba ya juu akaizidisha kwa asili yake yenyewe badala ya asili ya mwenzake: 5 mara 6 ni 30, 3 mara 8 ni 24, jumla 54/48. Huyu amefundishwa njia ya mkato ya kukingamisha, akasahau mishale inaelekea wapi. Tatizo la njia hiyo ndilo hili: ukiisahau, huna pa kuanzia kuikumbuka. Mrudishe kwenye swali la kawaida, "6 inaingia mara ngapi kwenye 48?", na mishale ataiona haina kazi.

Zote mbili zikirahisishwa ni 9/8. Usipoona njia, utatibu kisichouma.

Ameandika 29/48

Ni uchovu au haraka. Amebadili vizuri, 20/24 + 9/24, kisha mkono ukajumlisha kila ulichokutana nacho. Msomeshe kwa sauti huku asili akiitaja kama jina la kipimo: sado (kopo la kupimia sokoni) 20 na sado 9 ni sado 29, haziwi debe. Ikijirudia zaidi ya mara moja kwa siku hiyo, mpumzishe.

Ameandika 13 na 1/2, au amekwama kwenye KDS

Aliyepata 27/2 ametafuta kigawo kikubwa cha shirika, ambacho kwa 6 na 8 ni 2, akakitumia mahali pa kigawe kidogo cha shirika. Halafu, kwa kuwa 2 haigawanyiki kwa 6, akageuza: 6 kwa 2 ni 3, mara 5 ni 15, 8 kwa 2 ni 4, mara 3 ni 12. Majina yanafanana na yanafundishwa kwa kukaribiana, si ajabu yakichanganyika. Kanuni ya kumlinda ni fupi: KDS haiwezi kuwa ndogo kuliko asili kubwa, na KKS haiwezi kuwa kubwa kuliko asili ndogo. Akiona asili ya kufanyia kazi iko chini ya 8, asimame.

Kwenye kugawanya kwa namba tasa, makosa hutokea mahali pamoja. Tazama:

2 | 6, 8
2 | 3, 4
2 | 3, 2
3 | 3, 1
   | 1, 1

KDS ni 2 × 2 × 2 × 3 = 24. Kosa la kwanza ni kusimama kwenye mstari wa 3, 4 kwa sababu hakuna namba inayozigawanya zote mbili. Kwenye KKS hapo ndipo pa kusimama, kwenye KDS sipo: unaendelea mradi namba mojawapo inagawanyika. Kosa la pili ni kuisahau ile 3 isiyogawanyika kwa 2. Inapaswa kuteremshwa ilivyo, lakini mtoto anaiacha, na anamaliza na 2 × 2 × 2 = 8. Kisha anagawanya 8 kwa 6 na kushangaa. Kosa la tatu ni la wale wanaoandika vigawo tasa pembeni, 6 = 2 × 3 na 8 = 2 × 2 × 2, kisha wanazidisha vyote na kupata 48. Hilo halimharibii jibu, linamwongezea kazi tu.

Kwa mtoto ambaye tebo zake za kuzidisha hazijakaa sawa, jedwali hili ni mzigo juu ya mzigo. Mpe njia ya kuhesabu kwa asili kubwa: 8, haigawanyiki kwa 6, 16, haigawanyiki, 24, inagawanyika, simama. Kwa asili za kawaida za shule ya msingi haichukui hatua nyingi, na kwenye chumba cha mtihani ina haraka kuliko jedwali. Aanze kila mara kwa kutazama kama asili ndogo inaigawanya kubwa. Kama ni 3 na 12, KDS ni 12, hakuna cha kutafuta. Kama hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, mfano 5 na 7, zidisha: 35. Kinachobaki ni zile za katikati, kama 6 na 8, au 10 na 15.

Na kama tebo ya 6, 7 na 8 haipo kichwani kabisa, ujue kwamba unachotibu si sehemu. Dakika 10 za tebo kila jioni kwanza.

Ameishia 58/48 au 29/24

Thamani ni sahihi, usimwekee kosa kubwa. Ila kwenye mtihani wa kuchagua, 58/48 haitakuwa miongoni mwa herufi, na mtoto atadhani amekosea, ataanza upya, au atachagua inayofanana nayo. Mwenye 58/48 agawanye juu na chini kwa 2. Mwenye 29/24 agawanye 29 kwa 24, apate 1, baki 5, na baki ndiyo inakaa juu ya 24 ileile. Kosa la hapa ni kuandika 5/29, au kuandika 1 na 24/5. Namba ya chini haibadiliki, ni hilo tu la kushika.

Sehemu mchanganyiko: 2 na 3/4 + 1 na 5/6

Jibu ni 4 na 7/12. Kuna njia mbili, na kila moja ina shimo lake.

Anayegeuza kuwa sehemu guni (yenye kiasi kikubwa kuliko asili) anapata 11/4 + 11/6 = 33/12 + 22/12 = 55/12. Shimo liko kwenye kugeuza: 2 na 3/4 inakuwa 10/4 kwa aliyezidisha 2 kwa 3 akajumlisha 4, au 14/4 kwa aliyezidisha 3 kwa 4 akajumlisha 2. Tena wapo wanaoandika 23/4, kwa kuiunga 2 na 3 kama tarakimu. Wa mwisho wanaongezeka pale kazi inapotumwa kwa simu, maana 2 3/4 ikikosa nafasi katikati inasomeka ishirini na tatu juu ya nne. Anayetuma maswali kwenye kundi la wazazi aandike kwa mkono na kupiga picha, au aweke neno "na".

Anayejumlisha namba nzima peke yake na sehemu peke yake anapata 3, na 9/12 + 10/12 = 19/12. Shimo liko kwenye kubeba: 19/12 ni 1 na 7/12, na ile 1 lazima iende kwa 3. Akiandika 3 na 7/12, ameiacha njiani. Akiandika 3 na 19/12, hajaigeuza. Mimi humpa mtoto njia hii ya pili, kwa sababu namba zinabaki ndogo na anaweza kukadiria kabla hajaanza: karibu 3 na karibu 2, jibu haliwezi kufika 5 wala kushuka chini ya 4.

Sehemu tatu kwa pamoja, kama 2/3 + 3/4 + 5/6, hazina ugonjwa mpya. KDS ya zote ni 12: 8/12 + 9/12 + 10/12 = 27/12 = 2 na 1/4. Anayezidisha asili zote tatu anapata 72 na anazama kwenye namba kubwa bila sababu.

Hesabu anajua, maswali ya maneno anakosa

Hapa kujumlisha ni sahihi, kilichojumlishwa ndicho si sahihi. Angalia mambo mawili.

Kwanza, kizima ni kimoja? Ukinunua sokoni Mbuyuni maharage nusu debe, ukaongeza robo tatu ya sado, huwezi kuandika 1/2 + 3/4. Debe ni la lita 20 na sado ni kopo la lita 4. Nusu debe ni lita 10, robo tatu ya sado ni lita 3, jumla lita 13, ambazo ni 13/20 za debe. Ile 1 na 1/4 ya mtoto haina kipimo, ni ya debe au ya sado?

Pili, neno "iliyobaki". Mkulima wa Machame ana shamba lake la tambarare. Sehemu 1/3 ya shamba amepanda mahindi, na 1/4 ya sehemu iliyobaki amepanda alizeti. Ni sehemu gani ya shamba lote imepandwa? Mtoto anaandika 1/3 + 1/4 = 7/12, amejumlisha vizuri sana, na amekosa. Iliyobaki ni 2/3, robo yake ni 1/6, na 1/3 + 1/6 = 1/2. Afanye uhakiki kwa kulifanya shamba liwe la ekari 3: mahindi ekari 1, zimebaki 2, robo ya 2 ni nusu ekari, jumla ekari moja na nusu kati ya tatu. Apigie mstari neno "iliyobaki" kabla ya kuandika chochote.

Uhakiki wa namna hii, wa kuchagua kizima kinachogawanyika vizuri, una faida kuliko kurudia hesabu ileile. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilometa 80. Gari likimaliza 1/4 ya safari, kisha 3/8 nyingine, limekwenda kilometa 20 na 30, jumla 50, na 50/80 ni 5/8. Aliyeandika 4/12 anasema gari limekwenda chini ya kilometa 27, wakati kipande cha pili peke yake ni 30. Kwa muda tumia saa moja ya dakika 60, inakubali kugawanywa kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12 na 15. Kwa kilo tumia gramu 1000, ila usiulize theluthi ya kilo.

Maswali ya kurudia

Ukishalijua kosa, maswali sita kwa siku yanatosha. Thelathini yanakomaza kosa lilelile. Haya yamechaguliwa ili asili zake zisimruhusu mtoto kubahatisha:

3/4 + 5/6 = 1 na 7/12
2/9 + 5/12 = 23/36
7/10 + 4/15 = 29/30
1/6 + 3/10 = 7/15
3/8 + 7/12 = 23/24
3/14 + 5/21 = 19/42

La nne lina mtego wa kurahisisha, linatoka 14/30 kwanza. La mwisho ni la kupima KDS: akitumia 14 × 21 atafanya kazi na asili ya 294, na hapo mwenyewe ataomba umwonyeshe 42. Siku inayofuata badili namba za juu tu, asili uziache zilivyo. Akipata yote siku mbili mfululizo, mrudishie 5/6 + 3/8 bila kumwambia kwamba amewahi kuliona.